Gitaa Kuukuu la Mbekenyera

Mwezi wa Julai nilikwenda Mbekenyera kumtembelea dada yangu. Mbekenyera iko katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Zamani Ruangwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea. Ilipewa wilaya yake mwaka 1995. Basi liliniteremsha Ruangwa mjini, nikapanda bodaboda. Asubuhi ilikuwa ya baridi na vumbi lilikuwa jingi. Kando ya njia niliona mikorosho, mashamba ya muhogo na mabua makavu ya ufuta.

Ndugu msomaji, ukitaka kuwaona watu wa Mbekenyera na furaha yao, nenda wakati wa ufuta. Ufuta huvunwa, hukaushwa, hukung'utwa, kisha hupelekwa chama cha msingi kupimwa. Huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI. Jina hilo limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Fedha zikiingia, kila nyumba ina mipango yake.

Nyumba ya dada yangu ilikuwa na mpango mmoja tu, bati. Nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza upande wa mashariki. Mvua ya mwaka uliopita ilinyesha mpaka kitandani. Lakini mwanawe, ambaye alilima naye ekari zote, alitaka kitu kingine. Alitaka gitaa.

"Mjomba, nisemee kwa mama," aliniambia usiku ule.

Nikamsemea. Dada alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kijana amefanya kazi, siwezi kumnyima. Nitampa elfu themanini. Lakini mkileta kuni badala ya gitaa, wewe kaka ndiye utakayelipa bati."

Usiku huo sikulala vizuri.

MAGITAA MAWILI

Gitaa jipya la dukani lilitushinda kwa bei. Tukaenda Ruangwa kwa mtu aliyekuwa na magitaa mawili ya mtumba. Yote yalikuwa magitaa makavu, yaani yale yasiyotumia umeme. La kwanza lilipakwa rangi nyekundu, lilimetameta kama baiskeli mpya. Bei yake ilikuwa shilingi 70,000. La pili lilikuwa na vumbi. Ubavu wake ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na halikuwa na nyuzi zote. Bei yake ilikuwa 45,000.

Mpwa wangu alilishika lile jekundu na hakutaka kuliachia. Mimi nilijifunza gitaa nikiwa kijana, kwa hiyo nilimwambia, "Ngoja kwanza tuliangalie."

Tuliliinua kama mtu anavyolenga bunduki, tukatazama shingo kutoka juu mpaka chini. Shingo njema ni nyofu, au imeinama kidogo mno. Shingo ya lile jekundu ilikuwa imepinda kama upinde. Kisha tulitazama kibao cha chini kinachoshika nyuzi. Nyuma yake ukucha uliweza kuingia. Kibao kilikuwa kinang'oka.

Sababu yake ilionekana wazi. Gitaa lile lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni, lakini mtu alikuwa amelifunga nyuzi za chuma. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma huvuta kwa kilo 70 au zaidi. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba mzigo huo. Kwanza kibao hung'oka, halafu shingo hupinda. Rangi nzuri haitibu ugonjwa huo.

Gitaa la vumbi lilikuwa na shingo nyofu. Tulipima pia kwa kamba. Kutoka kijiti cha juu cha shingo hadi chuma cha 12, urefu lazima uwe karibu sawa na kutoka chuma hicho hadi kijiti cha chini. Kama sivyo, gitaa halitaimba sawasawa hata likikazwa na bingwa. Kwetu ilikuwa sentimita 32 na nusu kila upande. Nikagonga ubao wa uso kwa kidole. Ulitoa sauti nzito, bila mtikisiko wa mbao zilizoachana ndani. Ufa wa ubavuni ni jeraha la ngozi tu, si la mfupa.

Tulilipa 45,000. Njia nzima mpwa wangu hakuzungumza. Tulipofika nyumbani, dada alilitazama gitaa, akanitazama mimi, akaingia jikoni.

KWA FUNDI

Pale kijijini kuna mzee seremala ambaye hutengeneza vitanda na milango. Fuawe lake ni kipande cha reli. Waingereza walipoanza mradi wa karanga mwaka 1947, walijenga reli kuja Nachingwea. Karanga zilishindwa, na katika miaka ya 1960 reli iling'olewa.

"Shikamoo babu," mpwa wangu alisema. "Tumekuletea mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa huyu mimi sijawahi kumtibu," alijibu mzee. "Lakini mbao ni mbao."

Alianza na ufa. Aliusafisha, akaingiza gundi nyeupe ya mbao kwa ukuti. Kwa ndani, kupitia tundu la sauti, alibandika vipande viwili vyembamba vya mninga vikiukingama ufa. Kisha alilizungushia gitaa mpira wa baiskeli uliokatwa kama utepe, akaukaza. Mpira hubana vizuri wala haukwaruzi mbao. Aliliacha siku nzima kivulini. Mpwa wangu alitaka kulianika juani likauke upesi. Mzee akamkataza, maana jua la kiangazi ndilo hupasua magitaa.

Wakati tunangoja, mzee alituambia habari za muziki wa ujana wake. Wao walisikiliza Redio Tanzania. Alimpenda Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, mpiga gitaa na mwimbaji, ambaye alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwaka 1979. Mimi nikamweleza habari za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, huko Kongo. Huyo alipiga gitaa moja kavu kwa vidole. Kidole gumba kilipiga besi na kidole kingine kilipiga wimbo, ukadhani ni watu wawili. Mpwa wangu hapo ndipo alipoanza tena kuzungumza.

MPINGO

Kijiti cha juu cha shingo, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi, kilikuwa cha plastiki. Kilikuwa kimevunjika na kuzibwa kwa karatasi. Mzee alichakura chini ya meza yake, akatoa kipande cheusi chenye ukubwa wa kiberiti. Kilikuwa mpingo, baki la kazi ya zamani.

Mkoa wa Lindi ni nchi ya mpingo. Mti huu hukua polepole sana. Kufikia unene wa kuvunwa huchukua miaka 70 au zaidi, na hauruhusiwi kukatwa bila kibali. Ni mzito hata huzama majini. Ulaya hutengeneza zumari zao bora kwa mpingo wetu, na baadhi ya magitaa ya bei kubwa pia huwa na sehemu za mpingo. Basi gitaa letu la 45,000 lilipata kitu cha kitajiri, bure.

Hapa nakiri kosa langu. Mzee alichora mifereji kwa kufuata kile kijiti cha zamani, akaikata kwa msumeno mwembamba. Mimi nikamwambia, "Ongeza kina kidogo, babu, nyuzi ziwe laini kubonyeza." Akaongeza. Tulipofunga nyuzi, zililala juu ya vile vyuma vya shingo zikalia kama nyuki ndani ya debe. Ilibidi kukata kijiti cha pili, na mpingo ulibaki kidogo tu. Mzee hakunilaumu. Alisema tu kwamba mbao huondolewa, hairudishwi.

Mara ya pili tulikata kidogo, tukajaribu, tukakata tena. Kisha tulipima nafasi kati ya uzi mnene na chuma cha 12. Ilikuwa milimita 5. Kwa nyuzi za nailoni, 4 hutosha. Mzee akasugua kijiti cha chini kwa msasa, upande wa chini yake, mpaka kikapungua milimita 2. Ukipunguza 2 pale, kwenye chuma cha 12 hushuka 1.

Sikio moja la kukazia nyuzi halikuwa na kishikio. Mzee alichonga kingine cha mninga, akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye meno yake. Kazi hiyo haikumaliza hata dakika 20.

Nyuzi mpya tuliletewa na kondakta wa basi kutoka Lindi. Tulipokuwa tunakaza, uzi wa kwanza, ule mwembamba, ulikatika. Ukingo wa mfereji wake ulikuwa mkali. Mzee aliulainisha kwa msasa. Jirani alikuwa na mshipi wa kuvulia samaki, wa nailoni, unene wa milimita 0.7. Huo ndio unene wa uzi wa kwanza. Alituuzia kipande kwa 1,500, nao ukaimba vizuri. Nyuzi tatu nene hazina dawa ya namna hiyo, kwa sababu zimezungushiwa waya. Hizo lazima zinunuliwe.

Tuliukaza uzi wa kwanza kwa kufuata sauti ya simu, kisha nyingine kwa kubonyeza. Uzi wa pili ukibonyezwa chumba cha 5 hulingana na wa kwanza ukiwa wazi. Wengine hufuata hivyo hivyo, ila wa tatu hubonyezwa chumba cha 4. Nyuzi mpya za nailoni hulegea kwa siku kadhaa. Usidhani gitaa ni bovu. Kaza tena asubuhi na jioni.

HESABU

Jioni ile dada alitoka nje na kiti chake. Mpwa wangu alijua wimbo nusu tu, akaupiga mara nne. Watoto wa jirani walicheza hata pale alipokosea. Dada hakusema kitu mpaka gitaa lilipowekwa chini.

"Hesabu," alisema.

Mpwa wangu aliandika kwenye daftari. Gitaa 45,000. Nyuzi 12,000. Mshipi 1,500. Gundi 3,000. Msasa 1,000. Fundi 5,000. Jumla 67,500. Akampa mama yake noti zilizobaki, shilingi 12,500.

Dada alizihesabu mara mbili. "Hizi ni misumari ya bati," alisema. "Na wewe kaka, kesho utapanda juu kung'oa nyasi."

Nikapanda.