Sheikh Ramiya na Halka ya Bagamoyo

Tulipokuwa wadogo, neno "mtumwa" halikutamkwa nyumbani kwetu. Bibi yetu alikuwa wa asili ya Manyema, nasi tulilijua hilo kwa kunong'onezana. Lakini wageni walipomwuliza kwao ni wapi, alijibu kuwa ni Bagamoyo, kisha akainuka kwenda kutazama chungu jikoni. Katika watu wote walioletwa kutoka bara, mmoja tu alimtaja pasipo kushusha sauti: Sheikh Ramiya.

Jina lake hasa lilikuwa Yahya bin Abdallah. Aliletwa pwani kutoka Kongo angali mtoto, akiwa mtumwa, akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, liwali wa Bagamoyo. Alisoma dini hata akawa mwalimu, akashika tarika ya Kadiriya, njia ya Abdulkadir Jilani wa Baghdad aliyefariki mwaka 1166. Chini yake Bagamoyo ikawa kituo kikubwa cha tarika hiyo.

Yafaa tuieleze zikiri kwa wale wasiopata kuiona. Watu husimama katika duara, ndiyo halka, bega kwa bega. Kiongozi huanza taratibu kulitaja jina la Mungu, nao huitikia. Miili huinama na kuinuka pamoja. Mwendo huzidi, maneno hupungua, hata mwishowe hubaki pumzi tu, nzito, zikikwaruza vifuani kama msumeno katika gogo. Juu ya pumzi hizo msomaji mmoja hupandisha kasida. Wako masheikh walioilaumu zikiri ya namna hii wakisema ni ngoma tu. Ugomvi huo hatuuingii. Sisi tunatazama lile duara lenyewe: barazani muungwana alikuwa na mahali pake na mtumwa alikaa karibu na mlango, lakini halka haina mlango.

Kule India, katika karne ya 16, Mirabai wa ukoo wa watawala wa Rajput aliyaacha maisha ya jumba la kifalme akawa akiimba sifa za Krishna pamoja na watu wa kawaida. Yeye alishuka hadi penye wimbo. Ramiya alipanda kutoka chini akaukuta.

Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa Sheikh alikuwa fakiri aliyeipa dunia kisogo. Mwaka 1916, Waingereza walipoitwaa Bagamoyo, alifanywa liwali, cheo kilekile alichokuwa nacho bwana wake wa zamani. Na utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria katika Tanganyika. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1922! Mara nyingi tumejiuliza waungwana wa mji waliinukaje kumpa mkono.

Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika nafasi yake. Maulidi ya Bagamoyo yaliendelea kukusanya watu wengi kutoka mbali.

Usiku mmoja wa maulidi hayo Bibi alituchukua. Alikaa upande wa wanawake, midomo ikifuata pumzi za halka, macho ameyafumba. Tulipokuwa tukirudi, mdogo wetu, ambaye hakujua yasiyoulizwa, aliuliza kama ni kweli kwamba Sheikh mkubwa aliwahi kuwa mtumwa.

"Naam," Bibi akajibu. "Na mama yangu pia."

Kisha, huku tukitembea, akatutajia jina la kijiji.