Kazi Isiyoonekana

Sisi watu wa Pemba twaijua kazi ya karafuu kwa vipande vyake. Yuko apandaye mkarafuu kuchuma. Wako wakaao nyumbani jioni kuchambua, karafuu mbali na makonyo mbali. Yuko aanikaye juani huku akiitazama mvua. Hapana mtu wa Mtambile atakayemwambia mchambuaji kwamba amekaa bure.

Lakini imetujia kazi nyingine, nayo twaihukumu kwa macho tu. Binti wa ndugu yangu, niliyemsomesha juzuu yake ya kwanza, hufanya kazi nyumbani kwa kompyuta. Wenye kazi wako ng'ambo. Yeye hupewa picha za barabara, azungushie mstari kila gari na kila mtu apitaye, ili mashine ijifunze kuvitambua. Watu wa nyumba humwona ameketi. Basi humtuma dukani, humwita jikoni, kisha humwita mvivu.

Nilimtaka aandike katika daftari, muda wa juma moja, kila alifanyalo. Tukaichambua kazi yake kama karafuu, tukapata mafungu manne: kusoma maagizo, nayo hubadilika mara kwa mara, kungojea picha ziletwe, aghalabu usiku, kuchora mistari, na kurejea picha zilizokataliwa. Ujira ulikuwa wa fungu la tatu peke yake, na saa za mafungu yale mengine zilikaribia kulingana nalo.

Wala jambo hili si la nyumba moja. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza khabari za wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma maneno ya ukatili na uchafu na kuyatia alama, ili mashine ya ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Ujira wao ulikuwa baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema kwamba waliyoyasoma yaliwaumiza nafsi. Ni pishi gani ipimayo jeraha kama hilo?

Binti yetu amempelekea wakala wake hesabu ya daftari lile, adai malipo ya kurejea picha. Jawabu haijaja. Lakini nyumbani, katika saa zake za kazi, hatumwi tena.

Dini yetu yatutaka tumpe mfanyakazi haki yake upesi. Na haki isiyojulikana haidaiwi. Basi enyi wazee, kabla ya kulaumu, waulizeni watoto wenu kazi yao ina vipande vingapi. Nanyi vijana, andikeni saa zenu.