Siasa Zilipopitia Masijala

Nikimwambia mtu kwamba nilikuwa mtumishi wa chuo cha ualimu, hudhani nilikuwa mkufunzi na kuanza kuniita Mwalimu. Nikitaja masijala, heshima hupungua kidogo. "Aa, pale kwenye mafaili." Ndiyo, pale pale. Niliingia mwaka 1978 nikitoka kidato cha nne, nikatoka 2018 kwa kustaafu kwa lazima. Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete na Magufuli wote walinikuta kwenye meza ileile, na kila mmoja nilimjua kwa karatasi alizotuletea.

Chuo chenyewe kiko mkoani Tanga, kwenye ukanda wa mkonge. Sina haja ya kukitaja, kwa maana waraka uliofika kwetu ulifika Butimba, Mpwapwa na Nachingwea vilevile, kwa maneno yaleyale na sahihi ileile.

Watu hawajui barua inavyoishi ofisini, kwa hiyo nieleze. Ikifika hupigwa mhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, huandikwa kwenye rejista, hutafutiwa jalada lake, hutobolewa, hufungwa kwa kamba, kisha hupewa namba ya folio kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu. Hapo jalada huenda kwa mkuu wa chuo, naye huandika dokezo, labda "Mhasibu, shughulikia", na mhasibu naye huandika la kwake chini, mpaka lirudi masijala. Jalada likijaa, hufungwa na kufunguliwa la pili, na lile la kwanza huenda kabati la nyuma. Vijana wengi hawalifikii tena. Nitarudi kwenye kabati hilo.

Siasa za kwanza nilizozigusa kwa mikono yangu zilikuwa za UPE, elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na vyuo vyote nchini kwa pamoja havikuwa na uwezo wa kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu vituoni huku wameshashika chaki. Miaka iliyofuata walikuja kwetu kwa zamu kujiendeleza kutoka Daraja la IIIC, wengine wameshakuwa na watoto wanne. "Mwalimu wa UPE" likawa tusi mitaani. Mimi niliyesoma barua zao za kuomba nafasi nasema hivi: mwandiko wao ulinyooka, na Kiswahili chao kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya waliokuja baadaye na shahada zao. Anayetaka kubishana na aje tufungue majalada.

Ilipoingia vita ya Kagera na miezi kumi na minane ya kufunga mikanda, mikanda haikufunguliwa. Karatasi ziliadimika. Bahasha zilizofika tulizifungua taratibu, tukazigeuza ndani nje, tukazigandisha kwa uji wa muhogo na kuzituma tena. Barua zilichapwa nyuma ya mitihani ya zamani, hata afisa elimu wa wilaya akipokea orodha ya wanachuo wetu aliweza, akitaka, kuigeuza na kujibu swali la hesabu. Bwaloni wanachuo walikula ugali wa unga wa njano, ule tuliouita wa Yanga, na shabiki wa Simba alikuwa na la kusema kila mlo.

Mwaka 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi ilipoanza, aliyekosa usingizi chuoni alikuwa boharia. Hakuwa mwizi. Tatizo lake lilikuwa sabuni: leja ilisema hivi na rafu ikasema vile, tofauti ikiwa katoni moja, na katika miezi ile katoni moja ya sabuni ilitosha kumfikisha mtu pabaya. Tulihesabu naye usiku kwa taa ya chemli. Tukaikuta imeingizwa mara mbili, maana hati ya mapokezi ilikuwa na nakala mbili na zote zilipewa namba. Aliketi juu ya gunia la maharage akacheka mpaka machozi yakamtoka. Waziri Mkuu Sokoine alipofariki ajalini Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, boharia huyohuyo alilia waziwazi mbele ya redio. Nilimwuliza, si ndiye aliyekunyima usingizi? Akanijibu, "Kwani alikosea?"

Siku ya mshahara, enzi hizo, mhasibu alirudi kutoka benki na askari na sanduku la bati. Tulipanga foleni barazani, kila mtu akaweka sahihi au dole gumba, akahesabu noti zake mbele ya wenzake. Hatua chache mbele palikuwa na meza ya pili: katibu wa tawi la chama na daftari la ada. Hakuna aliyekulazimisha kusimama pale. Hakuna aliyepita bila kusimama.

Tawi lilikuwa na chumba chake karibu na ofisi ya mkuu wa chuo, na uzito wake niliuona kwenye barua. Mtumishi akiomba nafasi ya masomo, aya ya kwanza ilitaja kadi ya chama na namba yake. Vyeti vilifuata chini. Kisha ikaja Tume ya Nyalali mwaka 1991. Takriban asilimia 80 ya wananchi waliotoa maoni walitaka kubaki na chama kimoja, tume ikapendekeza vingi, na Julai 1992 sheria ikaanza kutumika. Matawi yakaondoka mahali pa kazi. Katibu wa tawi akanijia na furushi la mafaili yake, akitaka nimhifadhie kwenye kabati langu, kwa kuwa, alivyosema, hiyo ni historia ya chuo. Nilimpeleka kwa mkuu. Mkuu aliligusa furushi kwa ncha ya kalamu akasema hayo si ya Serikali. Katibu akaondoka nayo kwenye baiskeli. Najuta kidogo kwa niaba ya wanahistoria, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mahudhurio ya kila mkutano, na leo wengi wanaosema walikuwa wapinzani tangu zamani wangejikuta humo mstari wa mbele. Chumba kikapewa mashine ya kudurufu. Barua za kuomba masomo zikaanza na vyeti.

Uchaguzi wa 1995 uliwagawa wakufunzi kwenye chai ya saa nne. Wa Mrema, mgombea wa upinzani, walisimulia jinsi watu walivyolisukuma gari lake kwa mikono. Wa Mkapa walimnukuu Mwalimu Nyerere. Mimi nilinyamaza, na watu wakanihesabu kila upande, jambo lililonifaa. Mtu wa masijala husoma barua za onyo za wenzake, maombi ya mkopo, taarifa za talaka na vyeti vya vifo. Akianza kuwa na upande, hakuna atakayemkabidhi bahasha bila kuifunga kwa gundi mara mbili.

Miaka hiyohiyo tulipunguzwa kazini. Neno la ofisini lilikuwa "mageuzi ya utumishi wa umma". Wapishi, watunza bustani na tarishi walipewa barua, na barua hizo nilizipeleka mimi mkononi, moja moja, kwa sababu tarishi naye alikuwa na ya kwake. Baada ya hapo zilikuja nyakati za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi: ada ya shule ya msingi ilifutwa, watoto wakafurika, walimu wakatakiwa haraka kama ilivyokuwa wakati wa UPE. Wanachuo wakasoma mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja mashuleni. Zikafuata sekondari za kata, na vijana wa kidato cha sita waliofundishwa ualimu kwa wiki chache wakabatizwa jina la Voda Fasta. Niliisikia dhihaka ile nikawakumbuka wa UPE. Nchi hii huwaomba watu waizibie pengo, na wakishaliziba huwacheka.

Maisha ya nyumbani nayapitia haraka. Mke wangu alikaanga vitumbua akawauzia wanachuo, na kuna miaka vitumbua viliushinda mshahara wangu bila ubishi. Watoto walisoma. Machungwa ya Muheza tulikula msimu hadi msimu. Basi.

Sasa nirudi kwenye kabati la nyuma. Mwaka 2016 na 2017 ulikuja uhakiki. Kwanza watumishi hewa, halafu vyeti. Kila mtumishi alileta vyeti vyake, vikaorodheshwa, vikaenda kulinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti pale Dodoma: watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Orodha ikasambaa kwenye simu kabla haijafika kwetu kwa barua. Chuoni kwetu mmoja alikuwamo. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa hodari, na cheti kilikuwa cha mtu mwingine. Yote mawili ni kweli. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, akanipa mkono, hakusema neno. Sikuwahi kuona ofisi ikiwa na adabu kama wiki ile. Hata walioingia kazini kihalali walitembea kando ya ukuta.

Kundi lililoniuma zaidi lilikuwa la darasa la saba. Utaratibu ulisema walioajiriwa kuanzia tarehe 20 Mei 2004 lazima wawe na elimu ya kidato cha nne. Wa kabla ya hapo hawakuguswa na sharti hilo, lakini kwenye msukosuko ule wapo walioondolewa pamoja na wengine. Mama mmoja mpishi aliondolewa hivyo. Kwenye orodha iliyotoka juu, tarehe yake ya ajira ilisomeka mwaka 2005. Alikuja dirishani kwangu, khanga begani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mama. Umefuatilia?"

"Wameniambia ajira yangu ni ya juzi. Kaka, mimi nimewapikia watu hapa tangu huyu wangu wa pili yuko mgongoni. Sasa hivi ana mtoto."

Jalada lake la mezani lilianza na barua ya 2005. Kijana aliyekuwa msaidizi wangu alishasema hakuna kitu, na kwa jalada lile alikuwa sahihi. Lakini folio ya kwanza kabisa ilikuwa na namba 31. Jalada haliwezi kuzaliwa na folio ya 31. Lina mzee wake mahali. Tukahamisha viti vilivyovunjika, tukasogeza katoni za mitihani, tukafungua kabati la nyuma ambalo mchwa walishaonja rafu ya chini. Jalada la kwanza lilikuwa rafu ya tatu, limeshikana na la mtunza bustani aliyepunguzwa zamani. Folio ya 2: barua ya ajira, tarehe ya mwezi Septemba 1999, mhuri unasomeka. Ile ya 2005 ilikuwa ya kumpandisha cheo. Aliyejaza taarifa zake kwenye mfumo alichukua alichokiona mbele.

Tulitoa nakala, mkuu akathibitisha, barua ikaondoka. Majibu hayakuja mwezi ule wala uliofuata. Mama alirudi kuuza uji stendi. Mwaka 2018 Serikali ilipoagiza wa kundi lake warudishwe kazini, alirejea jikoni, na nakala za nyaraka zake zilikuwa zimeshatangulia. Najua wapo wenzake, vyuo vingine, ambao jalada la kwanza lililiwa na mchwa. Uhakiki ulikuwa haki, nasema hivyo mpaka leo. Ila aliyeubuni alidhani masijala zote za nchi hii zina makabati yanayofunga.

Nilistaafu mwishoni mwa mwaka huohuo, katikati ya zogo la kikokotoo. Mifuko ya pensheni ilikuwa imeunganishwa, na kanuni mpya zikasema mkupuo wa kwanza ungekuwa robo ya mafao badala ya nusu tuliyozoea. Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya dokezo, nikaigeuza nikapiga tena. Kabla mwaka haujaisha, Rais aliusimamisha utaratibu ule, nusu ikarudi kwa kipindi cha mpito. Kijiweni wanabishana kama alituhurumia au alikuwa anaangalia kura. Mimi nilikwenda kuezeka nyumba.

Siku hizi nina meza ndogo barazani, nasaidia watu kuandika barua na kujaza fomu. Mwishoni mwa 2022, Serikali ya Rais Samia iliporuhusu walioondolewa kwa vyeti warejeshewe michango yao wenyewe ya pensheni, wa kwanza kubisha hodi alikuwa yule mwenzangu wa mfuko wa rambo. Amezeeka. Tulianza na jina, na hapo tukasita wote wawili: fomu ilitaka majina matatu kama yalivyo kwenye kumbukumbu za ajira, na kumbukumbu za ajira ni za yule mtu mwingine. Aliniuliza aandike lipi. Nikamwambia aandike lile aliloajiriwa nalo, aambatishe barua ya kuondolewa kazini, nakala ya hati za mshahara na hati ya kiapo ya mwanasheria, na asisahau kuniachia nakala moja. Hati za mshahara hakuwa nazo. Nikampigia simu kijana wa masijala, nikamwelekeza: kabati la nyuma, rafu ya tatu, lakini kwanza asogeze viti.