Maji Yalivyofika Yakobi

Tulifika Makambako jioni, baada ya kutwa nzima barabarani kutoka Dar es Salaam. Hata kabla basi halijasimama sawasawa, wachuuzi walikuwa wameshafika madirishani na mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na chai ya moto, mashuka mazito yamefungwa mabegani. Baridi iliingia na sauti zao. Hapa ndipo njia zinapoachana: moja inaendelea Mbeya hadi Zambia, nyingine inakwenda Njombe na Songea. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Iringa. Nilikuja kwa sababu moja tu, kupaona Yakobi, nje ya mji wa Njombe, mahali ambapo Vita vya Maji Maji viliifikia misheni ya Kilutheri mwezi Septemba 1905.

Wengi tulimjua Kinjikitile Ngwale shuleni, kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein. Tukabaki tukidhani habari yake ni ya Rufiji tu. Mwaka 1904, kule Ngarambe, alianza kuwapa watu dawa ya maji akiahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Watu hawakumwendea kwa ujinga. Tangu 1902 serikali ya Kijerumani ya Gavana Götzen iliwalazimisha kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa hesabu ya siku 28 kwa mwaka, huku mashamba yao wenyewe yakiliwa na nguruwe. Juu ya hayo kulikuwa na kodi na kiboko cha akida. Na serikali hiyohiyo haikuwa imeupiga utumwa marufuku: mwaka 1904 ilitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Wazazi wao wangebaki walivyo.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba. Agosti 4 Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza.

Kila nikimfikiria Kinjikitile, namkumbuka John Brown wa Marekani, mzungu aliyeuchukia utumwa hata akashika silaha. Oktoba 1859 aliivamia ghala ya silaha ya Harpers Ferry ili watumwa wapate bunduki, na Desemba 2 akanyongwa. Aprili 1861 nchi yake ikaingia vitani yenyewe kwa yenyewe, na utumwa ukaja kufutwa 1865. Brown aliongoza mapigano kwa mkono wake. Kinjikitile aliwataka watu wasubiri neno lake, nao wakachoka kusubiri. Lakini waliowanyonga walikosea namna moja: walidhani kero imo ndani ya mtu mmoja.

Asubuhi nilipanda gari dogo kwenda Njombe. Kandokando ya barabara ni misindano, chai, na ndoo za viazi na maparachichi zilizopangwa mbele ya nyumba. Njombe ni mji wa juu mlimani, watu wanavaa masweta mchana. Nilichukua bodaboda hadi Yakobi, nikamkuta mzee mmoja ameketi juani. Nikamsalimia, "Kamwene, baba." Akaitikia, akaninyoshea kigoda.

Maji yalifika huku yakipitia Ungoni na Upangwa. Mtwa Mbeyela, mtawala wa Wabena, na watu wake waliyapokea, na Septemba 19 wakaishambulia misheni, ambako alikuwamo mchungaji Gröschel wa Misheni ya Berlin. Risasi hazikugeuka maji. Shambulio likashindwa, watu wakafa uwanjani. Jambo lililonikaa moyoni ni kwamba ndani ya misheni walikuwamo Wabena pia, waumini wapya, na jirani zao Wahehe hawakuingia vitani upande wa waasi. Vitabu vyetu hupenda kusema kwamba maji yaliunganisha makabila, na ni kweli, zaidi ya makabila 20. Lakini hapa yaligawa hata watu wa lugha moja, na hilo halimpunguzii Mbeyela ushujaa.

"Risasi iliua siku moja," mzee aliniambia, "njaa iliua mwaka mzima." Hakutia chumvi. Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim wa jeshi la Kijerumani alimwandikia Götzen kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu kabisa. Basi vijiji na maghala vikachomwa moto kote kusini, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuwa wapiganaji.

Songea wana makumbusho yao, na kila Februari 27 wanawakumbuka mashujaa walionyongwa pale 1906. Ubena nako kunastahili kusomwa namna hiyo. Kwenu wanafunzi wa Njombe na Makambako: kaeni na wazee wenu likizo hii, waulizeni babu zao walikuwa ndani au nje ya misheni ya Yakobi, na mwandike majibu yote mawili.