Jina Lililoshikwa na Kina

Mshairi akilikosea jina la mtu katika mazungumzo, hulisahihisha papo hapo na mambo yakaisha. Akilikosea ndani ya ubeti uliotimia vina, kazi huwa nyingine. Jina huwa limeshikwa na ndugu zake watatu walio chini yake, na ukiling'oa, ubeti mzima huporomoka. Ndiyo sababu baba yangu, mwenye umri wa miaka sabini na minne, alinitaka nimpakie kwenye pikipiki kutoka Tanga hadi Yaeda Chini, wilayani Mbulu.

Baba alifundisha Mbulu katika ujana wake. Aliporudi pwani, alirudi na shairi la beti nyingi kuhusu watu wa bonde la Yaeda, likakaa daftarini miaka zaidi ya arobaini bila kumsumbua mtu. Mwaka jana mjukuu wake alilikariri lote mbele ya wageni. Watu walipiga makofi, Baba hakupiga. Usiku aliniambia, "Mama, mtoto yule atawaita watu wale hivyo maisha yake yote, kwa sababu mimi nilihitaji kina cha *ga*."

Neno lenyewe lilikuwa "Watindiga". Wanaoeleza asili yake husema ni watu wa tindiga, yaani kinamasi. Si tusi. Lakini ni jina la matope na majani, wala si la mtu. Aliyelitoa alitazama mahali na hakuuliza. Ubeti uliofuata ulisema "Wamang'ati", jina lililotoka kwa Wamaasai, nalo kwao maana yake ni adui. Ubeti wa tatu ulisema "Wambulu", kama kwamba watu ni mji. Wenyewe hujiita Wahadzabe, Wadatoga na Wairaqw.

Nilimwambia kwamba yote hayo yanaweza kusahihishwa Tanga, juu ya mkeka. Akajibu kuwa jina huulizwa kwa mwenyewe.

Tulishika barabara ya Segera na Korogwe, tukaiacha milima ya Usambara na ya Upare mkono wa kulia, tukalala Moshi. Siku ya pili tulipita Arusha, Makuyuni na Minjingu, tukalala Babati. Juu ya pikipiki hakuna mazungumzo marefu, maana upepo humeza nusu ya sentensi. Tukapatana kwa mapigo ya begani: pigo moja, punguza mwendo, mawili, simama, nimepata neno. Karibu na Same yalikuja mawili. Nikaegesha. Baba alivua kofia ngumu akasema, "Pikipiki. Na wengine husema tukutuku. Chombo hiki tumekiita kwa sauti yake chenyewe. Watu wa Yaeda tumewaita kwa sauti za majirani zao." Akavaa kofia, tukaendelea.

Dareda iko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka hapo njia hupanda kwa kona hadi Bashnet, kisha Dongobesh, kisha mji wa Mbulu, na hewa huwa baridi. Kwenda Yaeda Chini ni kuteremka tena, kwenye vumbi na mibuyu, hadi bondeni ambako maji ya mvua hutuama na kuwa kinamasi, na kiangazi hubaki uwanda mkavu. Nilipoliona tindiga lenyewe nilielewa jina lilivyozaliwa, nikaelewa pia kwa nini halitoshi.

Sijui kama kuna mahali pengi Afrika ambapo lugha zimekaribiana hivyo bila kuwa na undugu. Kiiraqw ni cha Wakushi. Kidatoga ni cha Waniloti. Wanyiramba na Wanyaturu, walio upande wa Singida, ni Wabantu kama sisi. Kihadzane hakijapatiwa ndugu. Wataalamu wengi hukihesabu kuwa lugha pweke, hata kwa Kisandawe cha Kondoa ambacho nacho kina vidoko. Wote hao hukutana sokoni kwa Kiswahili. Lugha yetu ndiyo inayowapakia, na mpakiaji ana wajibu wa kumjua abiria wake kwa jina.

Baba aliketi chini ya mti na mzee mmoja wa Kihadzabe, umri wao haukupishana sana. Baada ya salamu akauliza moja kwa moja: "Mzee mwenzangu, nikiwataja katika shairi, niwatajeje?" Mzee akamtazama, akasema, "Sisi Wahadzabe." Baba akarudia, "Wahazabe." Mzee akatikisa kichwa. "Wahadzabe." Walirudiana mara nne, mpaka ile *dz* ikakaa mahali pake. Kisha mzee akatamka neno la Kihadzane lenye kidoko katikati. Baba alijaribu, kikatoka msonyo, na watoto waliokuwa karibu wakaanguka kwa kicheko. Pwani sauti ile ni ya dharau, nasi huipiga nje ya maneno. Kule ni konsonanti kama *k* na *t*, na alfabeti yetu haina herufi yake.

Usiku nilimweleza Baba jambo nililolijua kwa kusoma: *-be* iliyo mwishoni mwa "Hadzabe" tayari ni alama ya wingi. Tukisema "Wahadzabe" tumetia wingi juu ya wingi. Alifikiri kidogo. "Ni watu kama elfu moja na ushei," akasema, "na jina lina wingi mara mbili. Acha. Uwe wingi wa heshima."

Kisha akageukia mizani. Watindiga, nne. Wahadzabe, nne. Wamang'ati na Wadatoga, nne kwa nne. Mizani zilikubali, kina ndicho kilichokataa. Maneno ya *be* ni adimu, na yaliyomjia yalimletea habari ambazo ubeti wa zamani haukuwa nazo. *Waibe* ilimkumbusha malisho na mashamba yaliyosogea mwituni mwaka hadi mwaka, na hati za hakimiliki ya kimila walizopewa Wahadzabe mwaka 2011 ili nchi yao isimegwe zaidi. *Ga* haikuwa imemwambia hayo. Asubuhi alinisomea:

*Waiteni Wahadzabe, jina lao la nyumbani,*
*Asali yao washibe, na matunda ya porini,*
*Nchi yao tusiibe, sisi tulio mjini,*
*Na jina lao tubebe, kama lilivyo vinywani.*

Mjukuu amekwisha kuujifunza, na ule wa zamani ameambiwa auache. Ubeti wa Wadatoga nao umepatikana. Wa Wairaqw ndio uliokwama. Baba ameandika mshororo unaoishia kwa jina hilo, na hajui ana mizani saba au nane, kwa kuwa *qw* ile haina irabu ya kuiegemea. Kuiandika "Wairaku" kungemponya, ila anasema hapo atakuwa ameanza tena kuwaita watu kwa sauti yake. Wenzangu washairi, ninyi mngeihesabuje?