Kompyuta Inayozima Ovyo: Usimpime Mgonjwa Akiwa Amelala

1.
Leo tunatoka wodini kidogo. Tangu nitaje juu juu kwamba kompyuta ya mdogo wangu inatuletea kioo cha bluu, mmenijazia ujumbe: "Nesi, na yangu hivyo hivyo, mlifanyaje?" Basi kaa vizuri nikueleze. Na kama unategemea kompyuta ya mtumba kwa kazi, soma hadi mwisho, maana hatari kubwa siyo ile ya kuzima.

2.
Mdogo wangu anahariri video za harusi na sendofu, nyumbani kwetu Dar es Salaam. Kompyuta alinunua ya mkononi, prosesa yake Intel Core i5-4690K. Hiyo herufi K mwishoni ina maana: kasi yake haikufungwa, mwenye nayo anaweza kuingia bayosi akaipandisha atakavyo. Ndiyo kuovakloki. Kutoka kiwandani kasi yake ya msingi ni gigahetzi 3.5, na inajipandisha yenyewe hadi 3.9 kazi ikizidi. Sisi tuliikuta imewekwa 4.4 muda wote. Ramu nayo ilikuwa 2133, wakati prosesa hiyo imepangiwa 1600. Muuzaji hakusema neno.

Usidhani ni ajabu. Mwaka 2005 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, aliandika jinsi walivyokuwa wakipokea taarifa za programu kuanguka kwenye amri nyepesi kabisa, amri ambayo haiwezi kukosea. Walipowauliza wenye kompyuta, kumbe nyingi zilikuwa zimeovaklokiwa, na wengine walikuwa wameuziwa hivyo na maduka madogo bila kujua. Kwa hiyo usiseme "mimi sijagusa kitu." Aliyekutangulia je?

3.
Dalili zilikuwa hivi. Mwezi wa saba, kipupwe, mashine ilifanya kazi vizuri. Ilipofika Januari na joto letu lile mnalolijua, ikaanza kuzima katikati ya kutoa video. Leo mara moja, kesho mara tatu, keshokutwa hakuna. Fundi wa kwanza akasema ni Windows, akaipiga upya. Wa pili akasema ni pawa saplai, ikanunuliwa mpya. Hela ikatoka, ugonjwa ukabaki.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, mbona nikiiwasha inawaka vizuri tu?"

Hapo ndipo penyewe. Mgonjwa wa moyo akiwa amelala kitandani anaweza kukupa vipimo vizuri kabisa. Mwambie apande ngazi ndipo utamjua. Kompyuta inayosubiri tu hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Kuwaka siyo afya.

4.
Kwa nini inakosea? Kwenye gigahetzi 4.4, pigo moja la prosesa ni chini ya robo ya nanosekunde. Ndani ya muda huo umeme lazima upite kwenye saketi na jibu litulie kabla ya pigo linalofuata. Ukiongeza kasi unapunguza muda. Ili umeme uwahi, watu huongeza volteji. Na volteji ndiyo inayoleta joto: joto hupanda kwa kadiri ya kasi, mara volteji, mara volteji tena. Piga hesabu mwenyewe: kasi juu asilimia 20, volteji juu asilimia 10, nguvu inayogeuka joto inapanda kama asilimia 45.

Sasa ongeza hali ya hewa. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi 7, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo. Ndiyo maana mipangilio iliyotulia Julai ilianguka Januari. Hakuna kilichoharibika, kile kinafasi kidogo kilichokuwepo kiliisha.

5.
Sasa ile hatari niliyoisema. Kuna sendofu moja mdogo wangu aliirekodi. Bibi mzaa mama wa binti alisimama akatoa nasaha zake, watu wakalia. Wiki tatu baadaye bibi akafariki. Familia ikapiga simu: tunaomba ile sehemu ya bibi.

Tukafungua faili. Katikati ya maneno ya bibi picha inakatika vipande vya kijani na sauti inakwaruza. Faili lilikuwa limenakiliwa bila kioo cha bluu, bila onyo lolote. Na memori kadi yenyewe ilikuwa mezani, inasubiri kufomatiwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Nikamwambia, "Hiyo kadi usiiguse."

Tukanakili kadi ile mara mbili kwa kompyuta yake, tukahamisha kopi zote kwenye laptopu yangu na kuzipima kwa amri ya Windows: certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Faili likiwa lile lile, namba ndefu inayotoka lazima ifanane herufi kwa herufi. Zilitofautiana. Tukanakili mara mbili kwa laptopu. Zikafanana, na bibi akasikika neno kwa neno.

Umeona? Kompyuta inayozima inakuambia inaumwa. Inayokosea kimya kimya inakudanganya. Kosa moja kwenye ramu wakati wa kunakili, na kilichoandikwa siyo kilichokuwepo.

6.
Hatua tulizofuata. Kanuni moja tu: badilisha kitu kimoja, pima, andika kwenye daftari. Ukitoa dawa tatu kwa pamoja, mgonjwa akipona hujui ipi imemponya.

Kwanza, hamisha vitu vyako muhimu kwa kutumia mashine nyingine.

Pili, soma kumbukumbu kwenye Event Viewer. Tukio namba 41 linakuambia tu kwamba kompyuta ilizima bila utaratibu, halisemi kwa nini. Tafuta WHEA-Logger: hayo ni malalamiko ya vifaa vyenyewe. Sisi tulikuta namba 19 nyingi, yaani prosesa ilikosea na kujirekebisha. Hiyo ni homa kabla ya degedege.

Tatu, rudisha bayosi kwenye mipangilio ya kiwandani. Hiki ndicho kipimo cha msingi. Ikizima hata hapo, tatizo siyo ovakloki.

Nne, pima ramu kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko minne. Kwenye 1600, makosa sifuri. Tukapandisha ramu peke yake hadi 2133: makosa 17 kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Kwenye ramu, kosa moja tu linatosha kusema hapana.

Tano, ramu ikarudi chini, prosesa peke yake ikapanda 4.4, tukaendesha Prime95. Hiyo hufanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, ikikosea inasimama. Usiku ilimaliza saa tatu salama. Saa nane mchana ilisimama ndani ya dakika 40, joto nyuzi 96.

Sita, tukasafisha vumbi na kubadilisha pesti ya kupozea. Joto likashuka hadi 84. Ikasimama tena.

7.
Kwa hiyo yalikuwa magonjwa mawili kwenye mwili mmoja: ramu ilikuwa inaharibu mafaili, prosesa ilikuwa inazima mashine. Ndiyo maana mafundi walichanganyikiwa.

Kulikuwa na njia ya kuongeza volteji, lakini kwa joto lile tungekuwa tunazima moto kwa mafuta ya taa. Mdogo wangu akaamua mwenyewe: kila kitu kirudi kiwandani. Video iliyotoka kwa dakika 50 sasa inachukua kama 60. Akasema, "Dada, dakika kumi nitapika ugali."

8.
Kama yako inakusumbua, niandikie hapa chini vitu vinne: aina ya prosesa, kasi yake, joto kazi ikiwa nzito, na maneno yaliyoandikwa kwenye kioo cha bluu. Yakisomeka WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, anzia hatua ya pili leo leo. Na kadi usifomati mpaka kopi mbili zifanane.

Sehemu ijayo tunarudi wodini: kwa nini tunakuamsha usiku kukupima presha wakati ndiyo kwanza umepata usingizi. Najua mna hasira na hilo. Tutaongea.