Kona ya Mama

Nyumba tuliyopanga ina vyumba sita, ukumbi mmoja katikati na ua mmoja nyuma. Sisi wapangaji watatu wenye watoto wadogo hatukuwa na mahali pa kukaa peke yetu hata dakika tano.

Asubuhi moja mmoja wetu alimchapa mwanawe kwa kumwaga uji. Kisha akakaa juu ya ndoo, akalia. Sote tulinyamaza, maana kila mmoja alijua kwamba mkono ule ungeweza kuwa wake.

Ndipo tulipotafuta kona. Nyuma ya jiko, chini ya mwembe, tulifagia, tukafunga kamba, tukatundika kanga mbili kuukuu na kutandika mkeka. Kila mama ana nusu saa yake baada ya chakula cha mchana, na wenzake humwangalizia watoto. Hachambui mchele huko, wala hapelekewi habari za jirani.

Susanna Wesley, mama wa mhubiri John Wesley wa Uingereza, alizaa watoto 19. Husimuliwa kwamba alipotaka kuomba alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama hasumbuliwi. Kumbe hata aproni yatosha!

Waume zetu walicheka mwanzoni. Siku hizi wao ndio huwanyamazisha watoto: "Mama yuko kwenye kona yake." Yule mtoto bado humwaga uji, lakini sasa hupewa kitambaa afute.

Nawe mama mwenzetu, usingoje kujenga. Anza na mkeka.